Kicheko Mbele ya Mnyonya Damu

Wako watu waonao kuwa hofu na kicheko ni fahali wawili wasioweza kukaa zizi moja. Husema kwamba hadithi ya kutisha ikichekesha imejiharibu yenyewe, na kwamba kichekesho kikitisha kimeacha kazi yake. Kwa kipimo hicho, mchezo wa sinema unaochanganya wanyonya damu, mizaha na mapigano ya mikono katika muda wa saa moja na nusu huhesabiwa kuwa upuuzi wa watu waliokosa fedha ya kutengeneza kitu kimoja kizuri, wakaamua kutengeneza vitu vitatu vibaya. Rai hiyo nimeisikia katika vyumba vya walimu na katika mabaraza ya wanafunzi, na kila mara imesemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri. Mimi siifuati. Nataka kueleza sababu zangu kwa mfano wa filamu moja ya Hong Kong, nayo ni Mr. Vampire, iliyotolewa mwaka 1985, kwa kuwa naona filamu hiyo ina somo juu ya hofu ambalo sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna haja nalo kubwa.

Mwongozaji wake alikuwa Ricky Lau, na mtayarishaji wake Sammo Hung, mtu mnene wa mwili na mwepesi wa miguu, ambaye miaka mitano kabla yake alikwisha jaribu mwenyewe kuwatia mizuka na mateke katika filamu moja. Jina lake la Kichina lina maana iliyo karibu na Bwana Maiti Aliyekakamaa. Fedha iliyotumika ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ile iliyomwagwa Marekani katika miaka hiyo kwa picha za mizimwi na viumbe wa nyota. Hapakuwa na mashine za hesabu za kutengeneza mazimwi. Palikuwa na rangi za uso, nguo za zamani, nyaya za kumwinua mchezaji hewani, na watu waliofundishwa tangu utoto kuanguka pasipo kuvunjika. Hata hivyo watu wa Hong Kong waliijalia filamu hiyo zaidi ya dola milioni 20 za kwao. Ikafuatwa na nyingine za jina lile lile mwaka 1986, 1987 na 1988, na waigaji wakatokea kila upande, Taiwan wakiwamo.

Yafaa kwanza kumjua huyo mnyonya damu wa Kichina, maana si ndugu wa yule wa Ulaya. Dracula, aliyetungwa na Bram Stoker mwaka 1897, ni bwana mkubwa. Ana ngome, ana lugha tamu, ana adabu za kukaribisha wageni, na ubaya wake umefichwa ndani ya uungwana wake. Maiti aliyekakamaa hana hata kimoja cha hivyo. Hasemi, hafikiri, hatongozi. Viungo vyake vimekauka kama kuni, hata magoti hayakunjiki, kwa hiyo hutembea kwa kuruka, miguu pamoja na mikono imenyoshwa mbele. Huvaa joho na kofia ya maofisa wa ufalme wa Qing, ufalme uliokoma mwaka 1912. Hamwoni mtu, bali hufuata pumzi yake. Naye awezaye kuzuia pumzi hupitwa kama nguzo. Ukimbandika kipande cha karatasi ya manjano kilichoandikwa maneno ya dini ya Kitao katika paji la uso, husimama kimya. Karatasi ikipeperuka, huanza tena.

Hadithi hizi ni za zamani. Pu Songling, mwandishi wa zama za wafalme hao wa Qing, aliandika visa vya maiti walioinuka na kuwafukuza wasafiri. Watu wa Hunan nao walisimulia habari za wachunga maiti, na katika habari hizo ndimo ninamoona chanzo cha huzuni kilicho chini ya mchezo wote. Mtu maskini alikwenda mbali kutafuta kazi, akafa ugenini. Desturi ilitaka azikwe katika ardhi ya wazee wake, lakini jamaa zake hawakuwa na fedha ya gari wala ya wachukuzi. Basi ilisemwa kwamba alikuwako fundi aliyeweza kuwaamsha wafu na kuwaongoza usiku kwa kengele, safu moja, wakirukaruka mpaka makwao. Wengine hueleza kwamba maiti walifungwa wima katika miti ya mianzi, watu wawili wakaibeba mabegani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Na kwa kuwa mwanzi hunesa, aliyetazama kwa mbali gizani aliona maiti wanaruka. Maelezo yoyote utakayoyashika, mwanzo wa kitisho hiki si uovu wa wafu. Ni mashaka ya walio hai waliotaka kumrudisha mtu wao nyumbani.

Sasa tuingie katika hadithi yenyewe. Mahali ni mji mdogo wa China, miaka michache baada ya kuanguka kwa ufalme. Tajiri mmoja, Bwana Yam, amemwita mwalimu Kau, bingwa wa mambo ya wafu, ili amfukue baba yake na kumzika upya, apate kuwaletea bahati wazao wake. Mjuzi wa makaburi aliyemzika miaka 20 iliyopita ndiye aliyeagiza ifanywe hivyo. Kaburi likachimbuliwa, na jeneza likaonekana limesimamishwa wima. Kau akatambua kuwa mahali palikuwa pazuri, ila pamefunikwa kwa saruji, na heri yote ya mahali hapo ikazibwa. Akamwuliza Bwana Yam: je, marehemu alikuwa na ugomvi na yule mjuzi? Hapo tajiri akanywea. Ardhi ile ilikuwa ya mjuzi mwenyewe. Aliichagua iwe kaburi lake, na mzee Yam akaipata kwa nguvu za fedha na vitisho. Mjuzi akalipiza kisasi kwa kumzika vibaya. Lakini kwa huruma iliyomsalia aliagiza afukuliwe baada ya miaka 20, ili adhabu isidumu vizazi vyote. Jeneza likafunguliwa, na baada ya miaka yote hiyo maiti hakuoza.

Angalia jinsi jambo hili lilivyopangwa. Kabla mnyonya damu hajainua kidole, tumekwisha ambiwa ametoka wapi. Hakuletwa na shetani, wala hakuletwa na wageni. Ametokana na kiwanja kilichoporwa. Dhuluma ilizikwa pamoja na aliyeitenda, ikafunikwa kwa saruji, nayo haikufa. Atakapoinuka, mtu wa kwanza kuuawa ni mwanawe mwenyewe, aliyerithi mali na kunyamaza juu ya njia iliyoileta. Hii ndiyo kweli ya ndani ya filamu, nayo imesemwa kwa maneno machache kando ya shimo, huku wanafunzi wawili wa Kau wakifukiza udi na kutazama juu ya mabega yao.

Silaha za kupigana na maiti nazo zastahili kufikiriwa. Hakuna fedha ya risasi za ajabu wala ya mitambo. Kau hutumia vitu ambavyo angevipata katika nyumba yoyote ya mji ule: mchele wa kunata, damu ya kuku, wino, karatasi, upanga wa mti, na uzi wa seremala wa kupigia mstari wa kukatia mbao. Mtu aliyeparuzwa na kucha za maiti hutibiwa kwa mchele huo, na hulazimishwa kuchezacheza juu yake asikakamae. Silaha kubwa kuliko zote haina bei, nayo ni kuzuia pumzi. Katika mambo haya umaskini wa watengenezaji umegeuka kuwa msaada. Mtazamaji aliyeiona ngome ya Dracula hurudi kwake akijua kwamba yeye hana ngome. Mtazamaji wa Mr. Vampire hurudi nyumbani akamwona mnyonya damu ndani ya pishi la mchele, akamwona katika pumzi yake mwenyewe. Kitisho kimeingia jikoni, na dawa yake vilevile imo jikoni.

Tena fedha iliyokosekana ilijazwa kwa miili ya watu. Lam Ching-ying, aliyecheza kama Kau, alifundishwa tangu utotoni katika mchezo wa kale wa jukwaani wa Peking, na baadaye akafanya kazi pamoja na Bruce Lee katika kupanga mapigano. Yuen Wah, aliyekuwa ndani ya nguo za maiti, ndiye aliyemrukia Bruce Lee mibinuko katika filamu ya mwaka 1973 iliyovuma dunia nzima. Mtu asiyejua kuruka asingeweza kuruka kama asiyejua kukunja goti. Ustadi wa miaka mingi umetumiwa hapo kuonyesha mwili usio na ustadi wowote, na katika kinyume hicho ndipo kicheko na hofu vinapopeana mkono. Maiti anayeruka kama mtoto anayecheza kamba ni kichekesho. Lakini ni maiti, na kucha zake ni ndefu.

Kicheko chenyewe kimetiwa wapi? Hapa naomba uangalifu wa msomaji, maana hoja yangu imo humu. Wanafunzi wa Kau, Chau-sang na Man-choi, wameagizwa kupiga mistari ya wino katika jeneza lote ili maiti asitoke. Wakapiga juu, wakapiga pande zote, wakaridhika na kazi yao, wakaenda zao. Upande wa chini wakausahau. Mtazamaji hucheka, na kabla kicheko hakijaisha jeneza limepasuka. Baadaye Man-choi amejeruhiwa, na Chau-sang ametumwa kununua mchele wa kunata. Mwenye duka, kwa ajili ya faida ya senti chache, akachanganya mchele wa kawaida ndani yake. Hilo nalo ni jambo la kuchekesha, maana sote tunawajua wenye maduka wa namna hiyo. Lakini kwa sababu ya senti zile mtu yu karibu kugeuka mnyonya damu. Bwana Yam naye anapomkaribisha Kau kunywa kahawa ya kizungu, bingwa huyu ambaye wafu humtii hajui maziwa na sukari huandamana vipi na kikombe kile cheusi. Tunamcheka, tukijua kwamba ugeni wa namna hiyo umetupata sisi sote mbele ya meza fulani.

Kuliko hayo yote kuna askari mkuu Wai, mpenda sifa. Bwana Yam amekutwa ameuawa, na Kau amesema kwamba majeraha ni ya kucha. Wai hakutafuta maiti, alitafuta mtu. Akamshika aliyekuwa karibu na aliyejua zaidi, yaani Kau mwenyewe, akamtia kizuizini. Hivyo yule mmoja awezaye kuuokoa mji amefungwa, na mnyonya damu yu huru. Watu huangua kicheko kwa majivuno ya Wai, mpaka marehemu anapoinuka mle mle kizuizini na uongo wa mashtaka unapofichuka.

Sasa hesabu waliochekwa: mvivu aliyefanya kazi nusu, mfanyabiashara mdanganyifu, mtu aliyejifanya mjuzi wa mambo ya kigeni, na mwenye mamlaka aliyehukumu kabla ya kuuliza. Maiti hachekwi kwa dharau, wala hawachekwi wanaomwogopa kwa haki. Kicheko cha filamu hii kimewekwa mahali pale pale ambapo makosa ya binadamu huongeza hatari. Hakiipunguzi hofu. Kinaionyesha hofu pa kutazama.

Jambo hili halikutokea kwa bahati tu. Mwaka 1974 kampuni ya Hammer ya Uingereza na ile ya Shaw ya Hong Kong zilishirikiana kutengeneza The Legend of the 7 Golden Vampires, ambamo Dracula alipelekwa China kupigana na mabingwa wa ngumi. Humo mna hofu, mna mateke mengi. Lakini hofu ni ya Ulaya na mateke ni ya China, na kila kimoja kimekaa upande wake kama wageni wawili wasiojuana katika behewa moja la treni. Haikuzaa ukoo wa filamu. Miaka 11 baadaye Ricky Lau alimwacha Dracula kwao, akamchukua maiti ambaye bibi wa Kichina walikuwa wakiwasimulia wajukuu zao, akamwacha achekeshe kwa namna ambayo wenyewe walikuwa wakimcheka, na ukoo mzima ukazaliwa.

Niliiona filamu hii mara ya kwanza mwaka 1992, katika kibanda cha video huko Ngamiani, mjini Tanga, nikiwa mtoto wa miaka 12. Picha za Hong Kong zilikuwa zimependwa katika miji yetu tangu siku za Bruce Lee. Kanda yetu ilikuwa imechakaa kwa kuchezwa, na kijana mmoja alisimama kando ya televisheni kutueleza maneno ya wachezaji, ingawa hakujua Kichina hata neno moja. Yeye alimpa Kau jina la Maalim, na Wai akamwita Bwana Shauri. Hatukuona kasoro. Tulicheka hata tukashikana mabega, na maiti aliporuka dirishani tulizuia pumzi kibanda kizima, watoto na wachukuzi wa bandarini waliokuja kupumzika. Katika kunyamaza kule nilisikia feni ikizunguka.

Usiku ule nilimsimulia bibi, mama yake mama, ambaye nilikuwa nikikaa kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho wala hakucheka.

“Mjukuu wangu,” akasema, “sisi wa kwetu hatukumcheka. Tulifunga milango.”

Akanieleza habari za mumiani. Ujanani mwake, uvumi ulipoingia mjini kwamba damu inatafutwa, jua likitua hakuna aliyetoka. Walisema wanyonyaji ni watu wa gari jekundu la zimamoto. Walisema ni watu wenye sare na mishahara. Nikamwuliza kama aliwahi kumwona mmoja. Akasema hakumwona mumiani, lakini alimwona mtu aliyepigwa kwa kuitwa mumiani. Alikuwa mgeni aliyetoka bara, amebeba chupa yenye kitu cheusi kizito. Watu wakamzunguka. Chupa ikavunjika, na nzi wakaja kabla ya askari. “Ilikuwa asali,” akasema bibi. Nilimwuliza yule mtu alipona au hakupona. Akaniambia nikalale.

Neno hilo mumiani lina historia ndefu. Asili yake ni dawa, kitu cheusi mfano wa ulimbo, kilichotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya viungo. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson iliandika maana hiyo, tena ikaeleza imani ya watu kwamba kitu hicho hutokana na damu ya waliouawa, na jinsi uvumi wake ulivyoujaza mji hofu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya wakoloni, alikusanya habari hizi kutoka Kenya, Uganda na kwingineko, akakataa kuziita ujinga. Alionyesha kwamba watu walisema kwazo juu ya kazi, mishahara, dawa za kigeni na mamlaka wasizozielewa. Nakubaliana naye. Mtu aliyelipishwa kodi kwa jasho lake, akachomwa sindano bila kuelezwa ni ya nini, hakukosea sana aliposema kwamba damu yake inachukuliwa. Kama ilivyo kwa mzee Yam, chini ya mnyonya damu palikuwa na dhuluma ya kweli.

Lakini uvumi ulishika dhuluma kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ukamshika mpita njia. Wala mambo hayo hayakuishia katika siku za bibi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, watumishi watatu wa kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, watafiti wawili na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, kwa kazi ya kuchunguza udongo. Ikapigwa mbiu kwamba wanyonya damu wameingia. Watu wakakusanyika, na wote watatu wakauawa na kuchomwa moto. Mwaka uliofuata uvumi wa namna hiyo ulienea kusini mwa Malawi, watu kadhaa wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Waliokwenda kupima udongo ili wakulima wavune zaidi walionekana kuwa wavunaji wa damu. Hilo ndilo lililomo ndani ya shauri hili la hofu na kicheko, na ndiyo sababu siwezi kulichukua kama mjadala wa ladha tu.

Mtu ataniuliza: je, wataka kusema kwamba filamu ya mizaha ingaliwaokoa watu wale watatu? Sisemi hivyo. Umati uliokwisha kusanyika hauzuiwi na kanda ya video. Aidha yuko atakayesema kwamba kucheka mbele ya hofu ya maskini ni kuwadharau, kama maofisa wa kikoloni walivyowadharau wakina bibi waliofunga milango. Hoja hiyo ni nzito kuliko ya kwanza. Jibu langu ni kwamba kuna kicheko cha aliye juu akimtazama aliye chini, na kuna kicheko cha watu wa nyumba moja wakijitazama wenyewe. Cha kwanza hufunga mlango wa maneno: aliyechekwa hunyamaza, na hofu yake huingia chini ya ardhi kama jeneza la mzee Yam. Cha pili hufungua mlango. Katika Mr. Vampire mji mzima hujicheka, na kwa kuwa unajicheka unaweza kuona kwamba mstari wa chini haukupigwa, kwamba mchele si mchele, kwamba aliyefungwa siye.

Mtu aliyeshikwa na hofu tupu huuliza swali moja: ni nani? Hutaka uso, jina, na kama hana hivyo hutwaa uso wa mgeni wa kwanza. Kau huuliza swali jingine: ni nini? Hufungua jeneza, hutazama mwili, hupima majeraha, huuliza habari za ardhi. Wai na Kau wote wawili wameamini kuwa kuna hatari, na wote wamesikia habari ya kucha. Tofauti yao ni ya maswali. Filamu imetufanya tumcheke anayeuliza nani kabla ya kuuliza nini, na mtoto aliyemcheka Wai kwa moyo wake wote amejifunza jambo ambalo mahubiri mengi hayakuweza kumfundisha. Mwisho wa filamu mnyonya damu naye huchomwa moto. Lakini huchomwa baada ya kujulikana bila shaka yoyote kuwa ndiye, na wanaomchoma wamekwisha lipa kwa majeraha yao gharama ya kujua.

Watengenezaji wetu wa filamu za video hawakosi ujasiri wa kutisha. Mussa Banzi alitoa Nsyuka katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na wengine wengi wamewaleta mizimu na majini mbele ya kamera kwa fedha ndogo kuliko ile ya Hong Kong. Vichekesho navyo tunavyo tele, na wachekeshaji wetu ni hodari. Ninachokitamani ni kuona wawili hawa wamewekwa zizi moja: filamu ya mumiani iliyotungwa na mtu aliyewasikiliza wazee, yenye gari jekundu na milango iliyofungwa, yenye mjumbe wa mtaa mpenda sifa na mwenye duka mpunja vipimo, ambamo watu wa Tanga au wa Dodoma wataogopa kwa haki na kucheka kwa haki. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Yahitaji mtunzi ajuaye mahali pa kukitia kicheko, na mchezaji mmoja asiyecheka.

Nasema asiyecheka kwa makusudi, maana Lam Ching-ying hacheki. Katikati ya mizaha yote uso wake umekaza, nyusi zake nzito zimekutana, na anapopigana na maiti hapigani kwa kejeli. Alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 44. Wachezaji wenzake wawili wa filamu ile, Chin Siu-ho na Anthony Chan, walirudi mwaka 2013 katika filamu ya Juno Mak iitwayo Rigor Mortis, iliyo ya huzuni tupu, isiyo na kicheko karibu chochote. Ni filamu nzuri ya kutazamwa na watu wazima waliokwisha poteza vitu. Lakini kwa mtoto aliyekaa chini katika kibanda, ambaye kesho ataukuta umati njiani umemzunguka mgeni, mimi ningechagua ile ya zamani. Itamtisha vya kutosha ajue kwamba ubaya upo, na itamchekesha vya kutosha aulize mgeni yule amebeba nini.